Mwenye Jengo la Mtaa wa Sabuni

Malalamiko yangu yalikuwa ya kurasa mbili, na niliyaandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeitandaza juu ya boneti ya gari la watu, dakika chache baada ya Haji Shawki kunifukuza kazi.

Niliandika hivi: Jengo namba 17, Mtaa wa Sabuni, Iskandaria, lilipewa kibali cha ghorofa tano. Sasa lina kumi, na Jumanne litamwagiwa slabu ya kumi na moja. Nguzo za chini ziliwekwa nondo za kubeba tano tu. Mchanga unatoka pwani na haukuoshwa chumvi. Familia thelathini na mbili zinalala humo. Mimi ni mfunga nondo, na leo asubuhi nilipomwambia Haji kwamba nondo hizi hazifai, alinijibu mbele ya mafundi wenzangu: "Wewe funga tu, mwenye kushikilia ni Mungu."

Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha, nikaongeza mistari mingine: "Najua mkifungua faili hamtamkuta Haji Shawki. Mtamkuta kahuli wake, yule maskini aliyekodisha jina lake liandikwe mwenye jengo ili tajiri asiguswe na sheria. Anzeni na huyo. Afungwe kabla ya mwingine yeyote. Tajiri ana tamaa, lakini kahuli aliwauza majirani zake kwa kidole gumba."

Nilijivunia maneno yale. Nikavuka reli ya tram nikiyarudia kimoyomoyo, nikaingia ofisi ya wilaya kifua mbele.

Masjala ilikuwa ndiyo imefunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, na ilikuwa na karani mmoja, Karam, mtu mnene mwenye mkate wa maharage mkono wa kushoto na mhuri mkono wa kulia. Alisoma ukurasa wa kwanza huku akitafuna.

"Fundi, hii ni barua au hotuba ya Ijumaa?"

"Wewe gonga mhuri."

"Nagonga, nagonga. Usinipigie kelele, sikulijenga mimi hilo jengo." Akagonga. "Maskini kahuli wa watu, umemkata vipande vipande! Subiri nilete faili yake, niziweke pamoja."

Akaingia nyuma ya makabati. Nilimsikia akihesabu namba za viwanja kwa sauti, akipiga chafya ya vumbi, akimtukana mtu aliyepanga rafu. Alirudi na faili ya kahawia iliyofungwa kwa kamba, akaifungua kwenye kaunta, akatupa jicho. Taya lake likaacha kutafuna.

"Umesema unaitwa nani?"

"Si nimeandika hapo chini? Galal Metwali Abdelati Basyuni."

"Ndilo lote?"

"Lote, mpaka kwa babu. Kuna nini?"

Aliigeuza faili ikanitazama, akaweka kidole chenye mafuta ya maharage chini ya mstari wa tatu.

Mwenye jengo na mwombaji wa kibali: Metwali Abdelati Basyuni.

Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa bluu, na nakala ya kitambulisho. Picha ilikuwa ya mtu mwenye masharubu meusi, sikio la kulia limekatika kidogo juu. Baba yangu alikatwa sikio lile na mbwa akiwa mtoto.

Nililisoma jina mara tatu. Nikatafuta kosa. Labda babu ni mwingine, labda ni watu wawili. Lakini sikio lilikuwa lile lile. Baba yangu, bawabu wa jengo namba 17, anayelala na mimi katika chumba cha chini kando ya mlango mkuu. Baba yangu, ambaye hana hata baiskeli.

"Basi, hongera," Karam akasema polepole. "Wewe ni mtoto wa tajiri." Alipoona uso wangu akaacha utani. Akafunua kurasa nyingine. "Sikiliza, kaka. Hapa pana amri nne za kubomoa ghorofa za juu. Na hizi ni hukumu tatu, amehukumiwa akiwa hayupo. Ukizijumlisha ni miaka saba. Kila moja imeandikwa: mwenye jengo hakupatikana katika anwani yake."

"Hakupatikana? Yupo pale mlangoni kila siku! Anapiga deki ngazi!"

"Shusha sauti." Alitazama mlango wa ofisi ya ndani. "Saa sita Injinia Tahani anachukua barua zote za leo. Yule mama hali rushwa, hasikii dua. Barua yako akiisoma, baba yako anafuatwa leo leo." Akasukuma zile kurasa zangu mbili mpaka kwangu. "Mimi sijaona kitu. Mhuri umekauka, lakini karatasi bado inachanika."

Nikaichukua. Nikaitia kifuani mwa shati, nikatoka mbio kurudi namba 17.

*

Nilimkuta baba anakamua tambara kwenye ndoo, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni.

"Mbona mapema? Haji amekupa ruhusa?"

"Haji amenifukuza."

"Basi Mungu ana lingine. Chai ipo kwenye buli."

"Baba, una jengo?"

Tambara lilibaki mikononi mwake, linachuruzika. Hakuuliza jengo gani. Alichungulia juu ya ngazi kuona kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ingia ndani."

Chumba chetu ni hatua nne kwa tano. Kuna kitanda chake, godoro langu, jiko la gesi, na kabati la nguo ambalo marehemu mama alilileta alipoolewa. Baba alikaa kitandani. Mimi sikukaa.

"Nani amekwambia?"

"Nimeona kidole chako, nimeona sikio lako! Tangu lini?"

"Mwaka mama yako alipougua. Tulikuwa tunalala kwenye kile kibanda cha kule nyuma, mvua inamnyeshea kichwani. Haji akasema, Metwali, nina chumba, ukae humo mpaka ufe, hakuna atakayekutoa. Weka dole hapa, ni karatasi tu ya maji na umeme."

"Na ukaamini?"

"Siku hiyo niliamini. Mwezi wa pili akaja mtu wa mahakama na wito. Mimi ndiye bawabu, kwa hiyo ndiye niliyemfungulia mlango. Akaniuliza, Metwali Basyuni anakaa hapa?"

"Ukasemaje?"

Baba alitazama miguu yake. "Nikamwambia, huyo bwana amesafiri."

Nilicheka. Naapa nilicheka, kicheko kibaya. Miaka tisa baba yangu alikuwa akisimama mlangoni na kuwaambia askari wa mahakama kwamba yeye mwenyewe amesafiri. Wamekuja mara kumi na moja, alisema. Mmoja alikuwa mtu mwema, alikunywa chai yake na kumwonea huruma kwa kuwa na tajiri asiyetulia nyumbani.

Halafu mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine, na kila moja lilinipiga kama kofi. Baba hakuja kunitazama nilipovunjika mguu jeshini. Baba hakwenda mji wa Damanhur kumzika kaka yake, watu wakamsema ukoo mzima, na mimi nikiwa wa kwanza. Nilimwambia hana moyo. Alikuwa anaogopa askari wa barabarani wanaokagua vitambulisho. Miaka tisa hakuvuka hata reli ya tram, kwa kuwa ng'ambo yake ndiko kuliko na kituo cha polisi, na mimi nilidhani ni uvivu wa uzee.

"Ulienda ofisini kufanya nini?" akauliza.

Nikatoa karatasi. "Kushitaki. Sikujua. Nitaichana sasa hivi, hakuna aliyeiona."

"Nisomee kwanza."

"Ya nini?"

"Nisomee, Galal. Sijawahi kusikia barua yako."

Nikasoma. Nondo, mchanga, familia thelathini na mbili. Nilipofika kwa kahuli nikaruka nikaenda kwenye salamu za mwisho.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka."

"Macho yako yameruka mahali. Mimi sijui kusoma, lakini macho ya mtu nayajua."

Nikasoma. Anzeni na huyo. Afungwe kabla ya mwingine yeyote. Aliwauza majirani zake kwa kidole gumba. Kila neno nililojivunia lilitoka kinywani mwangu likaenda kumkaa usoni, naye hakukwepa hata moja.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Nilitaka anitukane, anipige. Badala yake alisimama, akashika ubavu wa kabati la mama. "Nisaidie kulisogeza."

Tukalivuta. Nyuma yake palikuwa na nguzo ya kona, ile kubwa inayobeba upande wote wa barabarani, na katika nguzo kulikuwa na ufa. Ulianzia usawa wa goti langu ukapanda kwa mshazari mpaka juu ya kichwa, na kidole changu kidogo kingeingia humo. Juu ya ufa ule baba alikuwa amebandika viraka vya jasi nyeupe, vya ukubwa wa kiganja, kimoja juu ya kingine. Nilivijua mara moja. Mainjinia huvibandika hivyo juu ya nyufa: jasi haivutiki, jengo likisogea tu, kiraka kinakatika.

Vyote vilikuwa vimekatika katikati.

"Nilimwona mtu wa serikali akifanya hivyo kwenye nyumba ya jirani," baba akasema. "Cha kwanza kilikaa mwaka mzima ndipo kikakatika. Kilichofuata, miezi minne. Hiki, mwezi. Hiki cha juu nilikipaka Alhamisi jioni."

"Na leo ni Jumapili."

"Kimekatika Ijumaa, nikiwa msikitini. Niliporudi nikakikuta hivyo."

Nikaweka kiganja kwenye nguzo, nikakitoa haraka kama niliyeshika chuma cha moto. Juu yetu watoto wa ghorofa ya kwanza walikuwa wakikimbizana, na chembe ndogo ya jasi ikadondoka begani kwangu.

"Unalala hapa! Kichwa chako kiko hapa! Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Anayesema ataulizwa, mwenye jengo nani." Kisha akanipangusa ile chembe begani. "Halafu wewe ulipoanza kazi kule juu moyo wangu ulitulia. Nikasema, mwanangu ndiye anayefunga nondo za tisa na za kumi. Galal ana kiburi cha kazi yake. Kama kungekuwa na ubaya, asingefunga."

Nilizifunga. Miezi mitano nilizifunga, nikiona, nikinung'unika, nikipokea ujira kila Alhamisi. Nilifungua mdomo nilipofika ya kumi na moja.

Baba tayari alikuwa anashusha kanzu safi kutoka msumarini.

"Unakwenda wapi?"

"Barua yako wataiundia kamati. Nimekaa na makaratasi yao miaka tisa, nawajua. Lakini mwenye jengo akienda mwenyewe aseme jengo langu linaanguka, watamsikiliza leo."

"Watakufunga leo!"

"Wewe unashikilia hilo tu. Nitafutie viatu."

*

Kwenye reli ya tram alisimama. Tram ilipita, na nyingine ikapita. Nilimshika mkono, naye akautoa, akavuka peke yake.

Karam alipotuona pamoja alifunga macho. "Galal, nimekupa mlango, wewe umeleta nyumba nzima!"

Injinia Tahani alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kwa uzi, viatu vya kazi vyenye chokaa chini ya gauni refu. Alimsikiliza baba bila kumkatiza: ufa, viraka, Alhamisi, Ijumaa. Alipoambiwa kuhusu ule ufa alichukua kalamu, na aliposikia Ijumaa akaiweka chini.

"Mzee, wewe ni nani katika jengo hilo?"

"Mwenye jengo."

Alifungua faili, akatazama picha, akatazama sikio. Kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa kila kitu. Wangapi kama baba wamepita katika mafaili yake?

"Mzee Metwali," akasema taratibu. "Wewe si mwenye jengo."

"Karatasi inasemaje, binti yangu?"

"Karatasi inasema ni wewe."

"Basi ni mimi. Nataka watu watoke leo. Na ghorofa za juu zivunjwe, natoa idhini."

Alivua miwani. "Mwenye jengo akikiri hatari mbele yangu, naandika amri ya kuhamisha watu saa hii hii, na polisi wananifuata. Hakuna kamati. Lakini polisi hao hao watakuwa na hizi hukumu tatu. Unanielewa? Miaka saba." Akainuka. "Nina kiu. Naenda kunywa maji. Nitakawia dakika kumi, na nikirudi nikikuta viti vitupu, sitamuuliza mtu."

Akatoka. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikamwomba. Nilimwambia tutapanda basi la kwenda Matruh, mji wa mbali, nitapita mlango kwa mlango kuwaonya watu mwenyewe.

"Watakucheka," akasema. "Wewe ungehama kwa maneno ya mtoto wa bawabu?"

Injinia aliporudi midomo yake ilikuwa mikavu vile vile. Alitukuta tumekaa. Akaandika, akasoma kwa sauti, akafungua kidau cha wino. Baba aliweka kidole gumba kwa mara ya pili maishani mwake.

*

Saa tisa alasiri Mtaa wa Sabuni ulijaa askari, na hakuna mtu aliyetaka kutoka. Iskandaria kila mtu anajua: ukitoka na godoro lako kwa amri ya serikali, unaweza usirudi tena. Mama Sabri wa ghorofa ya tano alisimama kwenye roshani na vibanio vya nguo mdomoni, akavitema.

"Nitoke niende wapi? Kwenu?"

"Mama Sabri, shuka," baba akamwita kutoka barabarani. "Nguzo imepasuka."

"We Metwali, kazi yako ni ngazi! Jana hukuondoa takataka zangu, leo unataka kuniondoa mimi?"

Mtaa mzima ukacheka. Baba akangoja kicheko kiishe.

"Mimi ndiye mwenye jengo," akasema.

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja alimpigia saluti. Mwingine akauliza kama Mheshimiwa atampunguzia kodi. Ndipo afisa wa polisi, kijana wa rika langu, akafungua amri na kusoma kwa kipaza sauti: kwa idhini na kukiri kwa mwenye jengo, Metwali Abdelati Basyuni. Akasoma na hukumu. Moja, mbili, tatu.

Vicheko vikakatika. Nguo zilisikika zikipepea kwenye kamba.

"Wewe?" Mama Sabri akasema. Alikuwa ameshuka mpaka mlangoni. "Kumbe kodi tunayompa Haji ni yako? Nimekula na wewe. Nilimwosha mkeo alipokufa. Ni wewe umetuwekea haya juu ya vichwa vya wanangu?"

Kiatu kikarushwa, kikampiga baba kifuani. Nikaruka mbele na ngumi zimekunjwa, kweli yote iko kwenye ncha ya ulimi wangu, na baba akanishika nyuma ya shati kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Ukisema si langu, amri si amri tena."

Wakati huo gari la Haji Shawki likasimama. Alishuka na tasbihi yake na shati lake jeupe, akatazama askari, akatazama watu walioanza kushusha mabegi. Alielewa haraka kuliko wote: watu wakitoka, ghorofa zikivunjwa, zile nyumba sita za juu alizokwisha kuziuza zimekwenda.

"Afande, afande!" Alicheka kama mtu mwenye subira. "Mnamsikiliza huyu? Huyu mzee ni bawabu. Akili yake ilitikisika tangu mkewe afe. Hana jengo, hana hata funguo ya choo. Amri imetolewa kwa kukiri kwa kichaa, haisimami. Waambie watu warudi ndani, jua kali."

"Kama si lake, ni la nani?" afisa akauliza.

Haji Shawki alihesabu punje mbili za tasbihi. "Hilo sijui. Mimi ni mpangaji tu, ghorofa ya tatu."

Nilimtazama. Mtu aliyenifukuza kazi asubuhi ile juu ya jengo lile lile, akilikanyaga kama mali yake! Aliyatamka maneno hayo bila kope kucheza, na mafundi waliojua ukweli walikuwa wamesimama pale, na hakuna aliyekohoa.

"Lakini muulize mwanawe," Haji akaendelea, na sasa akanigeukia kwa sauti ya mlezi. "Galal, mwanangu. Wewe ni mtu wa kweli, nakujua, asubuhi umenisema mbele ya watu wote. Mwambie afande. Baba yako alipata wapi jengo? Sema tu, uchukue mzee wako mkanywe chai. Nani atamfunga bawabu?"

Afisa alinitazama. Injinia Tahani, aliyekuwa kwenye ngazi na taa mkononi akitoka kuikagua nguzo, alisimama akanitazama pia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa alichokiona kule ndani.

Nilikuwa nimeutaka ukweli siku nzima. Sasa nilikuwa nimepewa, uko kwenye kiganja, na zawadi yake ni baba yangu kuachiwa huru. Neno moja tu, "bawabu", na Mama Sabri anapanda kurudi kwenye nguo zake, watoto wa ghorofa ya kwanza wanakimbizana tena juu ya ile nguzo, na Jumanne lori la zege linafika. Baba hakunitazama. Alikuwa akiutazama mlango, akihesabu watu wanaotoka.

"Jengo ni la nani?" afisa akarudia.

"La baba yangu," nikasema.

"Kwa sauti."

"La baba yangu! Metwali Abdelati Basyuni! Alilijenga yeye, ghorofa zote kumi. Na mimi nilimfungia nondo!"

Tasbihi ya Haji Shawki ilikoma. Kusema neno lingine kungehitaji aseme mwenye jengo ni nani, na hilo hakuwa nalo kinywani.

Baba alipandishwa garini. Alikuwa ameinamisha kichwa, na watu walimtemea mate mmoja mmoja, na waliokosa kumfikia walinitemea mimi. Sikuyafuta. Lakini walikuwa wanatoka. Baada ya injinia kupaza sauti kuhusu nguzo hakuna aliyebisha tena. Walitoka na majokofu, na vizimba vya njiwa, na bibi mmoja juu ya kiti akibebwa na wajukuu.

"Ghorofa ya saba!" injinia akaniita. "Mlango wa kushoto, hawajashuka!"

Nikapanda ngazi tatu tatu. Ghorofa ya saba nilisikia mwanamke akipiga mlango kwa ndani na mtoto akilia. Nilidhani wamefungiwa. Nikageuza kitasa, kikazunguka. Nikasukuma, mlango haukutikisika. Ndipo nikaona fremu. Ilikuwa imekwenda upande, imeubana mlango juu kama taya: jengo lilikuwa limeanza kusogea.

"Nani hapo?" mwanamke akalia. "Nani wewe?"

"Mtoto wa mwenye jengo!" nikapiga kelele. "Rudini nyuma!"

Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikaurukia ule mlango kwa bega.